Bahati, Sadfa na Wagiriki wa Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mjadala wa falsafa ya Kigiriki unapofika kwenye neno bahati. Yameanza na mepesi, yenye kona yako mwishoni. Jambo likiwa limeshajibiwa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Mwanzo kabisa

1. Wagiriki waliiitaje bahati?

Walikuwa na maneno mawili yanayotuhusu hapa. La kwanza ni *tyche*, lenye asili moja na kitenzi cha kupata au kuangukia jambo. La pili ni *automaton*, yaani jambo linalotokea lenyewe bila kutumwa. Hilo la pili ndilo babu wa neno letu "otomatiki", na hapo lugha imetufanyia mzaha: leo mashine ya otomatiki ni ile isiyobahatisha hata kidogo.

Mtaani Athens maneno hayo yalichanganywa tu. Aliyekaa chini akayatenganisha ni Aristotle (384–322 KK), na tofauti aliyoiweka iko kwenye swali la 5.

2. Bahati na sadfa si kitu kimoja?

Katika mazungumzo tunayapishanisha, ila sikio linajua kwamba si sawa. Umefika mji wa ugenini, unashuka kwenye basi, unamwona shemeji yako amesimama stendi. Hiyo ni sadfa. Shemeji akikupa pa kulala usiku ule, sasa unaanza kusema una bahati. Sadfa ni mambo mawili kukutana, basi. Bahati lazima iwe na mwenyewe, mtu anayenufaika au kuumia. Ndiyo maana tunasema "bahati yangu", "bahati yako mbaya", lakini sijamsikia mtu akisema "sadfa yangu".

Tofauti hii haifanani na ya Aristotle kwa kila kitu, lakini anayeishika kwa Kiswahili ameshavuka nusu ya safari.

3. Tyche alikuwa mungu au wazo la wanafalsafa?

Yote mawili. Baada ya Alexander Mkuu kufa mwaka 323 KK, majemadari wake waligawana na kunyang'anyana falme, na watu wakaona wafalme wakipanda na kuanguka ndani ya maisha ya mtu mmoja. Haishangazi kwamba Tyche alipata mahekalu mengi katika zama hizo. Sanamu iliyosifika zaidi ilichongwa na Eutychides kwa ajili ya mji mpya wa Antiokia, muda mfupi baada ya 300 KK: mwanamke ameketi juu ya mwamba, kichwani ana taji lenye umbo la kuta za mji, na miguuni pake kijana anaogelea, naye ndiye mto Orontes. Warumi walikuwa na wao, Fortuna, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa gurudumu lake.

Wanafalsafa hawakumkubali kirahisi. Epicurus, katika barua yake kwa Menoeceus, anasema wazi kwamba mwenye hekima haihesabu bahati kuwa mungu, kwa sababu mungu hafanyi mambo ovyo ovyo.

## Aristotle na mtu wa sokoni

4. Aristotle anasema bahati ni nini hasa?

Jibu liko katika kitabu cha pili cha *Fizikia*, sura ya 4 hadi ya 6, na mfano wake ni wa pesa. Mtu anakwenda sokoni kwa shughuli zake. Hana mazoea ya kwenda pale, na siku hiyo hakwenda kudai deni. Kufika, anamkuta mdaiwa wake anakusanya michango, fedha ziko mkononi. Anadai, analipwa, anarudi nyumbani na chake.

Sasa tazama alichokiona Aristotle. Kulipwa deni ni jambo ambalo yule mtu angelifunga safari kulifuata, laiti angejua. Kwa hiyo tukio lina sura ya jambo lililokusudiwa. Ukitazama kwa mbali utadhani alikwenda kudai. Lakini hakwenda kudai. Alikwenda kwa lengo jingine, na lengo hilo likaishia kwenye matunda ambayo siyo yake. Bahati ni hapo: kusudi lilikuwepo, matunda yenye thamani yapo, ila kilichopatikana si kile kilichofuatwa.

Kuna sharti jingine ambalo wasomaji hulipita haraka. Tukio liwe la nadra. Kama yule mtu angekwenda sokoni kila siku akilipwa kila siku, au mara nyingi, tungeacha kusema bahati na kuanza kusema ni biashara.

5. Tofauti ya *tyche* na *automaton* ni ipi?

*Tyche* ni ya wenye uwezo wa kuchagua. *Automaton* ni pana zaidi: kila *tyche* ni *automaton*, lakini si kila *automaton* ni *tyche*. Farasi anatoka mahali alipokuwa na kwa kutoka kule anaokoka. Alinusurika, lakini hakutoka ili anusurike. Kigoda cha miguu mitatu kinaanguka na kutua wima, tayari kukaliwa. Farasi na kigoda havikuwa na mpango wowote, na Aristotle hakubali kuviita vyenye bahati. Mtoto mchanga naye kamweka kundi hilohilo, kwa sababu hajaanza kuchagua.

Anamtaja mtu mmoja, Protarchus, aliyesema mawe ya madhabahu yana bahati: yanaheshimiwa, wakati mawe wenzao yanakanyagwa. Aristotle anajibu kwamba hiyo ni namna ya kusema tu. Mimi namwelewa Protarchus.

6. Kwa hiyo tukio la bahati halina sababu?

Lina sababu, tena nyingi kupita kiasi. Hapa ndipo watu wengi huteleza, wakidhani kwa Aristotle bahati ni tundu katika mnyororo wa sababu.

Mfano wake: nyumba imejengwa na fundi. Fundi ndiye sababu ya nyumba kwa maana kamili, kwa kuwa ufundi ndio unaojenga. Ikitokea kwamba fundi huyo pia ni mwanamuziki, unaweza kusema "mwanamuziki kajenga nyumba" na usiwe mwongo, ila muziki haukuweka tofali hata moja. Ni sababu ya kuambatana. Mambo yanayoweza kuambatana na fundi hayana mwisho: mweupe, mwenye deni, mjomba wa fulani. Bahati ni sababu ya namna hiyo. Kwenda sokoni kulisababisha kulipwa kwa njia ileile ambayo mwanamuziki alijenga nyumba. Ndiyo maana tukiulizwa "kwa nini ulilipwa?" tunakwama: sababu zipo, ila hakuna hata moja iliyokuwa inaelekea huko.

7. Sanamu iliyomwangukia muuaji ni kisa gani?

Kimo katika *Ushairi*, sura ya 9. Huko Argos, sanamu ya mtu aitwaye Mitys ilimwangukia mtu aliyemuua Mitys, alipokuwa anaitazama, ikamuua. Aristotle hazungumzii haki ya mbinguni. Anawaambia watunzi wa tamthilia kwamba hata sadfa hutikisa zaidi ikionekana kana kwamba imekusudiwa. Ukisoma swali la 4 tena utaona ni mawazo yaleyale: tukio lenye sura ya kusudi, na kusudi halipo.

8. Aliamini viumbe vimetokea kwa bahati?

Hapana, na hoja yake ni ile ya nadra. Empedocles, mwanafalsafa aliyemtangulia, alikuwa amependekeza kwamba zamani viungo viliungana ovyo, wakatokea hata ng'ombe wenye nyuso za watu. Wasiofaa wakafa, waliofaa wakabaki. Aristotle anamsikiliza kwa haki kabisa: labda meno ya mbele yalikuwa makali ya kukatia na magego mapana ya kusagia kwa sadfa tu? Kisha anakataa. Meno huota hivyo karibu kila mara, na kinachotokea karibu kila mara si bahati. Kwake maumbile yana lengo. Darwin aliukuta mlango huohuo umefungwa. Tazama swali la 18.

## Waliobishana naye

9. Ni kweli Democritus alisema ulimwengu umetokea kwa bahati?

Sifa hiyo inamfuata Democritus, mwanafalsafa wa atomi, mpaka kwenye shairi la Mwitalia Dante, anayemtaja kuwa ndiye aliyeujenga ulimwengu juu ya bahati. Lakini sentensi pekee iliyobaki ya Leucippus, mwenzake katika fundisho la atomi, inasema kinyume: hakuna linalotokea ovyo, kila kitu kina maelezo na hutokea kwa lazima.

Mkanganyiko unatoka kwenye neno. Atomi za Democritus hugongana bila lengo, na kwa mtu anayeamini kila kitu kina lengo, "bila lengo" inasikika kama "kwa bahati". Kwa Democritus mwenyewe bila lengo haimaanishi bila sababu. Simplicius, mfafanuzi wa Aristotle, amehifadhi mfano wa upara: mtu mwenye upara anapita njiani, tai anamwangushia kobe kichwani, fuvu linapasuka. Unaita mkosi? Tai alitaka kulipasua gamba ale nyama, akaona kitu kinachong'aa kama jiwe. Ukijua hayo, mkosi umekwisha. (Hadithi maarufu inasema hivyo ndivyo alivyokufa mtunzi Aeschylus huko Gela. Ni hadithi.)

10. Atomi "inayopinda" ya Epicurus ni nini?

Epicurus (341–270 KK) alizichukua atomi za Democritus lakini aliogopa ile lazima yake. Afadhali, aliandika, kufuata hekaya za miungu kuliko kuwa mtumwa wa majaaliwa ya wanafizikia, kwani miungu angalau unaweza kuwaomba. Suluhisho ambalo shule yake ilitoa ni kwamba atomi, wakati usiojulikana na mahali pasipojulikana, hupinda kidogo sana kutoka kwenye mstari wake. Upindo huo hauna kitu kilichouleta. Maelezo kamili tunayapata kwa mshairi wa Kirumi Lucretius, karne ya 1 KK. Katika maandishi ya Epicurus yaliyobaki haumo.

Mrumi Cicero aliucheka, na kuna pingamizi ambalo bado lina nguvu: mkono wangu ukijirusha bila sababu, je, hapo nimekuwa huru, au nimeshikwa na kifafa? Hata hivyo Epicurus ndiye Mgiriki aliyethubutu kuweka bahati ndani ya vitu vyenyewe, si machoni petu tu. Tutamhitaji tena kwenye swali la 19.

11. Na Wastoa?

Kwa Wastoa, shule nyingine ya falsafa ya Kigiriki, hakuna bahati. Ulimwengu wote ni mnyororo mmoja wa sababu, wenye akili ndani yake. Tunachokiita bahati ni sababu iliyofichika kwa akili ya binadamu. Fupi na kali, nayo ndiyo kauli iliyoishi muda mrefu kuliko zote. Karne nyingi baadaye utaisikia kwa Laplace, mwanahisabati Mfaransa, karibu bila mabadiliko.

12. Kama imeandikwa kwamba nitapona, nitapona nikienda hospitali nisipokwenda. Wastoa walijibu nini?

Hoja hii waliijua kwa jina: hoja ya mvivu. Mstoa Chrysippus aliijibu vizuri. Mambo mengine yameandikwa pamoja. Huwezi kusema imeandikwa kwamba Laius atamzaa Oedipus, alale na mwanamke asilale. Kupona kwako na kumwita tabibu kwako vimefungwa kwenye fundo moja. Ukikaa tu, huenda kukaa kwako nako kumeandikwa, na kaburi pia.

13. Vita vya baharini vya kesho vinaingiaje hapa?

Aristotle, katika sura ya 9 ya *Juu ya Ufafanuzi*, anauliza: "Kesho kutakuwa na vita vya baharini." Je, sentensi hii ni kweli au uongo leo hii? Ikiwa ni kweli tangu leo, vita haviwezi kuacha kuwepo, na hapo kushauriana ni kupoteza muda. Jibu lake: ni lazima kesho vita viwepo au visiwepo, lakini si lazima viwepo, na si lazima visiwepo. Maana yake hasa inabishaniwa mpaka leo. Mswahili anayemalizia kila ahadi ya kesho kwa "Mungu akipenda" ameukwepa mtego mzima kwa maneno mawili.

## Neno linasafiri

14. Neno letu "bahati" lina uhusiano wowote na Wagiriki?

Linao, na mimi naona ni jambo zuri kuliko yote katika ukurasa huu. "Bahati" ni *bakht*, neno la Kiajemi lililoingia Kiarabu na kutufikia pwani. *Fizikia* ya Aristotle ilipofasiriwa kwa Kiarabu Baghdad, *tyche* ilipewa neno hilohilo. Mwanafalsafa Ibn Sina (980–1037), katika sehemu ya fizikia ya kitabu chake *Shifaa*, ana sura nzima kuhusu *bakht* na *ittifaq*. Anasema mtu akichimba kisima akakuta hazina, watu wa kawaida husema bahati njema imemwangukia. Akiteleza humo akavunjika mguu, husema bahati mbaya.

*Ittifaq* nalo limo kinywani mwetu, limebadilisha kazi. Kwa Kiarabu ni kuafikiana na pia kutukia kwa pamoja. Sisi tumelibakiza upande wa makubaliano na taratibu za kiserikali, tukasema itifaki. Upande wa kutukia tukaupa sadfa, nalo la Kiarabu.

15. Nani aliipeleka fikra hii Ulaya ya Kilatini?

Mwanafalsafa Mrumi Boethius, akiwa kizuizini akisubiri kuuawa, mnamo 524. Katika kitabu cha tano cha *Faraja ya Falsafa* anachukua mfano wa Aristotle wa mtu anayechimba ardhi na kukuta dhahabu. Mchimbaji alikuwa na lengo la kulima, aliyeizika alikuwa na lengo la kuficha, na hakuna aliyepanga wakutane. Bahati ni makutano hayo. Mwaka 1843 Mfaransa Cournot aliisema kwa lugha ya sayansi: kukutana kwa minyororo ya sababu isiyotegemeana.

## Bahati yapata hesabu

16. Wagiriki walicheza kete. Kwa nini hawakuwa na hesabu ya uwezekano?

Walicheza sana, mara nyingi kwa vifundo vya miguu ya kondoo au mbuzi. Kifundo kina pande nne za kutua, zilizohesabiwa 1, 3, 4 na 6. Ukirusha vinne na kila kimoja kikaonyesha upande tofauti, umepata pigo la Aphrodite. Vyote vikitoa 1, umepata mbwa.

Kuna majibu kadhaa. Mifupa haifanani, na pande pana za 3 na 4 hutokea zaidi ya 1 na 6, kwa hiyo hakuna usawa wa kuanzia. Kurusha pia kulitumika kuuliza miungu, na jibu la mungu hulipigi hesabu. Ila kwangu kizuizi kikubwa ni Aristotle mwenyewe: elimu, kwake, ni ya yale yanayotokea daima au mara nyingi, na ya kuambatana hayana elimu. Alifunga mlango kwa ufunguo alioutengeneza vizuri mno.

Mlango ulifunguliwa 1654, katika barua za wanahisabati Pascal na Fermat. Wachezaji wawili wameweka vipande 32 vya dhahabu kila mmoja. Wa kwanza kushinda mara tatu anachukua 64. Mmoja ana 2, mwenzake 1, mchezo unakatizwa. Wagawane vipi? Pascal anasema: hata nikishindwa raundi ijayo tutakuwa sawa, kwa hiyo 32 ni zangu tayari. Zilizobaki 32 zina nusu kwa nusu. Nipe 48, chukua 16. Hajui raundi ijayo ingekwenda kwa nani, na hahitaji kujua.

17. Laplace aliongeza nini?

Mwaka 1814 alieleza akili inayojua nguvu zote na mahali pa kila kitu kwa wakati mmoja; kwake hakuna kingekuwa na shaka. Uwezekano ni kipimo cha ujinga wetu. Ni swali la 11, likiwa na milinganyo.

18. Darwin alirudisha bahati kwenye viumbe?

Kwa tahadhari. Mwaka 1859 aliandika kwamba kusema tofauti za viumbe zinatokana na bahati ni kauli isiyo sahihi hata kidogo, ila inakiri ujinga wetu wa sababu zake. Alichokivunja ni hoja ya Aristotle ya swali la 8: kinaweza kutokea karibu kila mara bila kukusudiwa, iwapo kile kisichofaa kimechujwa vizazi kwa vizazi.

19. Fizikia ya kisasa imempa nani ushindi?

Kwa sura, Epicurus. Nusu ya atomi za kaboni-14 huoza ndani ya miaka 5,730 hivi, lakini ukiishika moja hakuna kanuni inayosema itaoza leo au baada ya miaka elfu kumi. Einstein hakuridhika, mwaka 1926 alimwandikia mwanafizikia mwenzake Max Born kwamba haamini kuwa Yule Mzee, yaani Mungu, anacheza kete. Kazi ya mwanafizikia John Bell ya 1964, na majaribio yaliyofuata, yamebana sana matumaini ya kupata sababu iliyofichika ya kawaida. Hayakuyafuta yote: zipo tafsiri zinazobakiza lazima kamili, kwa gharama ya mambo mengine ya ajabu. Hata hivyo, pingamizi la mkono unaojirusha (swali la 10) halijaguswa. Kuoza kwa atomi hakunifanyi niwe huru.

## Kona

20. Mbona Athens walichagua viongozi kwa kura ya kubahatisha?

Kwa makusudi. Baraza la watu 500 lilijazwa kwa bahati nasibu, 50 kutoka kila moja ya makabila kumi, na baraza la mahakama lilichaguliwa kwa jiwe lenye matundu ya vibao vya majina na vijiwe vyeupe na vyeusi vilivyoshuka kwenye mrija. Jiwe halina shemeji wala halipokei bahasha. Socrates anasemekana kuudhika: hakuna anayempata nahodha kwa kubahatisha. Naye alikuwa katika Baraza la watu 500 mwaka 406 KK.

21. Bahati inaweza kumharibia mtu mwema?

Aristotle anakubali, bila furaha. Priam alikuwa mfalme mwema, akazeeka, akaona Troy ikiteketea na wanawe wakiuawa. Aristotle anasema hatakuwa duni, lakini kumwita mwenye heri haiwezekani. Wastoa wangesema inawezekana. Mtu ajaribu kuwasoma Wastoa akiwa msibani ndipo aamue.

22. Nikishinda bahati nasibu, kwa Aristotle hiyo ni bahati?

Swali gumu kuliko linavyoonekana. Mtu wa sokoni hakufuata deni. Wewe ulinunua tiketi ili ushinde, ukashinda. Ulichokifuata ndicho ulichokipata, kwa hiyo sharti la swali la 4 linaonekana kukosekana.

Nadhani njia ya kutoka ni kushuka hadi kwenye namba. Uliweka 7 kwa sababu mwanao kazaliwa tarehe 7. Kuchagua 7 kulikuwa na lengo lake: mtoto. Kwamba 7 hiyohiyo ndiyo iliyotoka kwenye pipa, hilo limeambatana na chaguo lako kama muziki ulivyoambatana na fundi. Hapo umerudi sokoni, na bahati ni yako.

Yule aliyekesha na takwimu za msimu mzima kabla ya kuweka mkeka wake ni kesi nyingine, na akishinda hatapenda umwambie ni bahati. Akishindwa atalitumia neno hilo mwenyewe.